Pedali ya fazi na glichi: usisahau nobu ya kizingiti

Pedali ya glichi (kifaa kinachoikatakata sauti ya gitaa) isiyo na nobu ya kizingiti, yaani kiwango ambacho sauti lazima ikivuke ili chipu igeuke, hupiga kelele ile ile, uguse nyuzi kwa upole au uzichape. Iweke nobu hiyo, kelele ianze kufuata mkono wako. Muundo huu una fazi (sauti ya gitaa iliyopasuliwa kwa makusudi) ya transista mbili, kisha chipu mbili za kidijitali za CMOS, CD40106 na CD4013, zinazoikata sauti kuwa mawimbi ya mraba na kuishusha oktavu. Vipande vyake ni vya kawaida. Anza kuvitafuta maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue na River Road, Nairobi. CD40106 ikikosekana, chukua CD4093 na uunganishe pamoja njia mbili za kuingilia za kila geti (kila sehemu ndogo ya chipu). Kazi ni ile ile, ila mpangilio wa miguu ni tofauti.

Jenga fazi kwanza, peke yake, kwenye bredibodi (ubao wa kujaribia mzunguko bila kulehemu). Mzunguko wa Fuzz Face, pedali iliyotoka Uingereza mwaka 1966, bado ni mfupi sana. Sauti ya gitaa inapita kapasita ya 2.2µF hadi beisi ya transista ya kwanza. Emita yake iende grauni (upande wa hasi wa umeme), kolekta yake ipande hadi volti 9 kupitia rezista ya 33k (kilo-ohm 33). Beisi ya transista ya pili inashikana moja kwa moja na kolekta hiyo. Kutoka emita ya pili, rezista ya 100k inarudi kwenye beisi ya kwanza. Emita hiyo hiyo inashuka grauni kupitia potensiometa ya 1k, ambayo mguu wake wa kati una kapasita ya 22µF kwenda grauni. Kwenye kolekta ya pili, weka trima (potensiometa ndogo ya kuzungushwa kwa bisibisi) ya 20k kwenda volti 9, uizungushe hadi mita isome volti 4.5 kwenye kolekta. Usiendelee kabla ya kuipata namba hiyo.

Isipopatikana, tazama miguu ya transista. Ukielekeza uso bapa kwako, miguu chini, BC547 inasomeka kutoka kushoto kolekta, beisi, emita. 2N3904 ni kinyume chake. Transista iliyogeuzwa haiungui, inalia kwa unyonge tu, ndiyo maana kosa hili hula saa nzima za fundi. Chagua zenye hFE (kiwango cha ukuzaji wa transista) kati ya 100 na 200. BC547C hupita 400, na hapo unaanza kusikia mvumo na hata stesheni ya redio. Kapasita ya 220pF kati ya kolekta na beisi ya transista ya kwanza huinyamazisha redio.

Sasa glichi. Toa sauti kwenye kolekta ya pili kupitia 100nF hadi mguu wa 1 wa CD40106. Kizingiti kinatengenezwa hivi: volti 9, rezista ya 47k, potensiometa ya 100k, rezista nyingine ya 47k, grauni. Mguu wa kati wa potensiometa uende mguu wa 1 wa chipu kupitia 220k. Nobu hiyo inakupa kama volti 2.2 hadi 6.8. Ikikaa karibu na mahali chipu inapogeuka, hata noti inayofifia inaiamsha; ukiisogeza mbali, mpigo mkali tu ndio unaopenya, na mkia wa noti unakatika vipande vipande. Huo mkatiko ndio utamu wenyewe.

Mguu wa 2 wa CD40106 uingie mguu wa 3 wa CD4013. Kwenye CD4013 hiyo, unganisha mguu wa 5 na wa 2, peleka wa 4 na wa 6 grauni, utoe sauti mguu wa 1: oktavu moja chini. Njia zote za kuingilia zisizotumika, kwenye chipu zote mbili, lazima ziende grauni, la sivyo zitanasa kila mvumo ulio chumbani. Chipu inatoa volti 9 nzima, na hizo zitaizidi nguvu amplifaya. Kwa hiyo pitisha fazi na oktavu kila moja kwenye 100nF na 100k yake, zikutane juu ya nobu ya sauti ya 10k.

Ukisikia mlio mwembamba hata bila kupiga, umeme ndio unaovuja kati ya sehemu mbili. Zipe chipu njia yao ya umeme: rezista ya ohm 100, kapasita ya 100µF, na 100nF karibu kabisa na kila mguu wa 14 (mguu wa umeme wa chipu). Adapta za bei rahisi huleta mlio wao pia, kwa hiyo jaribu kwanza kwa betri. Mzunguko huu hunywa umeme kidogo sana, na stima ikipotea katikati ya mazoezi, pedali bado iko hai.

Sanduku liwe la chuma. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji hukunja bati kwa kipimo chako. Wewe kwangua rangi pale jeki zinapogusa bati, ndipo grauni ishike. Na kama gitaa lako linaingia moja kwa moja kwenye miksa, kama ilivyo makanisani kwingi, ongeza 10k na 4.7nF kwenda grauni baada ya nobu ya sauti. Bila spika ya gitaa ya kuchuja ncha za juu, fazi hulia kama nyuki.

Kord huichanganya CD4013 kabisa, kwa kuwa inahesabu kila wimbi linalovuka kizingiti bila kujua ni la uzi gani. Noti moja moja za benga, juu ya freti ya 12, inazifuata vizuri mno. Glichi ikiyumba usipotaka, hamia pikapu ya shingoni na ushushe toni ya gitaa hadi sifuri kabla ya kugusa nobu yoyote ya pedali.