Je, chama cha wakulima huongeza matumizi ya mbolea?

Ndugu, umeuliza kama kujiunga na chama cha wakulima humfanya mkulima mdogo atumie mbolea zaidi, au kama wanaojiunga ni wale wale waliokuwa na uwezo wa kuinunua tangu awali. Shaka yako ni ya haki, kwa kuwa wenye kipato na elimu ndio mara nyingi hutangulia kujiandikisha, na ukilinganisha tu wanachama na wasio wanachama utakipa chama sifa isiyo yake yote.

Hata hivyo, chama kina kazi yake halisi. Kununua kwa pamoja hupunguza gharama ya usafiri kwa kila mfuko, na dhamana ya kikundi humfungulia mlango wa mkopo mtu asiye na hati ya ardhi. Kwangu mimi, lenye uzito zaidi ni maarifa. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya urea una kilo 23 za nitrojeni, yaani kirutubisho cha mmea, lakini mbolea hiyo ikimwagwa juu ya udongo bila kufukiwa, sehemu yake hupotea hewani kama gesi ya amonia. Mkulima akimwona jirani yake katika shamba darasa, yaani shamba la kujifunzia kwa vitendo, akipima mbolea kwa kizibo cha chupa, akiiweka kando ya shina na kuifukia, huamini kuliko akisoma kijitabu.

Chama kinachogawa mbolea ya aina moja kwa wote bila kupima udongo, naomba tukihesabu kando, kwani huko mifuko inaweza kuongezeka na mavuno yakabaki pale pale.