Kampuni inapata nini ikitujengea kisima? Niliyoyaona kijijini jirani na mgodi

Mleta mada umeuliza kama hizi fedha za CSR, yaani zile kampuni inazotoa kwa jamii inayoizunguka, zinamsaidia mwananchi kweli, au ni makampuni kupiga picha tu na hundi ya kadibodi. Nimekaa miaka minne kwenye serikali ya kijiji kimoja Kanda ya Ziwa, tunapakana na mgodi wa dhahabu. Niseme niliyoyaona.

Mara ya kwanza mgodi walituletea kisima bila kuuliza mtu. Wakachimba kando ya barabara kuu, nadhani ili wageni wakione, na kibao juu. Maji yakatoka ya chumvi, ukipika chai maziwa yanakatika. Akina mama wakawa wanakipita na ndoo zao kwenda bondeni kulekule. Pampu ilipokufa hakuna aliyeshtuka. Mwaka uliofuata vumbi la malori likazidi, vijana wakalaza magogo barabarani, malori ya mafuta yakalala nje siku mbili. Mtu wa ndani aliniambia siku hizo mbili ziliwauma kuliko gharama ya kisima chenyewe.

Ndipo watu wa mgodi wakaja kwenye mkutano wa hadhara. Tulibishana mpaka jua likazama: wazee zahanati, vijana ajira, akina mama maji. Maji yakapita. Likavutwa bomba, vituo vitatu, ndoo shilingi hamsini ili fundi alipwe. Barabara nayo ikawa inamwagiwa maji asubuhi na jioni. Tangu hapo sijaona gogo. Kuna usiku wezi wa dizeli walikamatwa, na waliopiga simu ni vijana walewale wa magogo!

Afya nako ni hivyohivyo. Obuasi, Ghana, mgodi ulianza mwaka 2006 kupuliza dawa ya mbu majumbani, hadi kwa wasio wafanyakazi wake, na malaria ikashuka kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka michache. Mji ukapona, na mgodi ukapata watu wanaofika kazini.

Ila wakuu msichanganye mambo. Kwetu Tanzania, mrabaha, yaani sehemu ya thamani ya madini, unakwenda serikalini, ushuru wa huduma halmashauri. Hayo ni malipo ya kisheria, asije mtu kuwahesabia kama fadhila. Hata CSR yenyewe, tangu marekebisho ya mwaka 2017 ya Sheria ya Madini, kifungu cha 105, mgodi unatakiwa kila mwaka kuandaa mpango unaokubaliwa na halmashauri. Tatizo halmashauri si kijiji. Sisi tulimkaba diwani miezi mitatu ndipo nakala ya mpango ikabandikwa ofisi ya kijiji. Karatasi mbili tu, na ya pili ilikuwa na madawati ya shule ambayo hatukuwahi kuyaona. Tuliyadai, yakaja.

Kile kisima cha barabarani bado kipo. Kibao kiling'olewa zamani, mtu kakiezekea banda la kuku.