Walinichukua kwa sababu ya daftari chafu

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Kasarani, mwanafunzi wa mwaka wa nne, aliniandikia: "Dada, uliingiaje kwenye kikundi cha utafiti wa maji na tabianchi? Nimetuma barua kumi, hakuna anayejibu." Nilicheka kidogo. Mimi nilituma kumi na tisa.

Tena zilikuwa barua mbovu. Aya nzima kuhusu barafu ya Mlima Kenya inayoyeyuka, halafu shauku yangu kubwa ya kuiokoa dunia. Nilikuwa namweleza habari za barafu mtu aliyeitafiti tangu nikiwa chekechea! Barua ilikuwa ni ile ile, nabadilisha jina tu, na mara mbili hata hilo nilisahau.

Mmoja aliniita ofisini kwake. Chuo sikitaji. Akatazama cheti changu cha jiografia, akasema, "Hapa tunataka watu wa hesabu, si wachora ramani." Nilitembea hadi kituo cha matatu bila kuona njia. Ni miaka mitatu sasa, na hadi leo nakumbuka kikombe chake cha chai. Kilikuwa cha kijani.

Sasa nije kwenye daftari. Kwetu Kayole maji ya mfereji huja siku yanapotaka. Mama anapika chapati za kuuza, kwa hiyo mfereji ukikauka hununua maji ya mkokoteni, na kuna wakati mtungi ulifika shilingi 50. Siku moja, tukiwa tunafagia maji ya mvua yaliyoingia ndani, akauliza: "Haya yote yanatoka wapi, na mferejini hakuna hata tone?" Nilidhani ananung'unika tu, kumbe aliuliza swali la kitaalamu. Mvua ya Kayole haijazi mifereji ya Nairobi. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, linalotegemea mito ya Aberdare. Sisi tunaweza kufurika huku, kule bwawa bado linangoja.

Nikakata chupa ya soda, nikamimina saruji kidogo ili kitako kiwe bapa, nikafunga rula, nikaipandisha juu ya paa. Kila siku saa tatu asubuhi, ambayo ndiyo saa ya wapimaji wa hali ya hewa, niliandika milimita. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Nilipolielewa hilo nilianza kuyatazama mabati yetu kwa uchungu.

Aprili 2024, usiku ambao watu wa Mathare walikuwa wanapanda juu ya paa kujiokoa, chupa yangu ilijaa hadi pomoni. Asubuhi niliandika: "Imefurika, sijui." Nilipokwenda matanga Machakos niliandika: "Sikuwepo," mara nne.

Barua ya ishirini ilikuwa na mistari mitano, swali moja, na picha ya ukurasa mmoja wa daftari. Ilijibiwa baada ya siku mbili. Profesa alilifungua daftari, madoa ya mafuta ya chapati na yote, akaenda moja kwa moja kwenye mapengo.

"Hizi hukuzijaza kwa nini?"

"Sikuwepo, Prof."

"Ungeweza kukadiria."

"Ningekuwa nadanganya."

Akaniambia nianze Jumatatu.

Miezi iliyofuata nairuka. Ilikuwa kusahihisha majedwali ya watu wengine, kwa nauli na chakula cha mchana. Ndiyo, uliuliza pia kama wanalipa.

Kwa hiyo, mdogo wangu: andika kwa ufupi. Pima kitu chako mwenyewe, hata kwa chupa. Jifunze R, ile lugha ya kompyuta ya kuchambua takwimu, hata kama hesabu yako inachechemea kama yangu. Mimi nilijifunza usiku nikitumia data ya mvua ya CHIRPS, inayotokana na setilaiti na vituo vya kupimia, ambayo ni ya bure na inaanzia 1981. Kisha andika kwa ufupi, nalirudia kwa sababu barua uliyonitumia mimi ilikuwa ndefu mno. Na mniwie radhi, lakini vijana wengi mnaota mikutano ya Ulaya kabla hamjajua mto unaopita nyuma ya ploti yenu unakwenda wapi. Mito ya Mathare na Ngong yote huingia Mto Nairobi, nao Nairobi huingia Athi, hadi baharini. Shuka ukautazame, ukiwa umevaa gambuti. Ukirudi umechafuka, ndipo ushike kalamu.

Mwezi jana tulikuwa na warsha. Wakati wa chai, yule bwana wa kikombe cha kijani alinijia, akanisifu sana, wala hakunikumbuka. Aliomba data yangu ya Kayole. Nilimtumia jioni hiyo hiyo, na mapengo yake yote. Nikaambatisha na ramani.