Slaidi za retikulini zinajaa weusi, nyuzi hazionekani

SWALI: Mwalimu, niko maabara ya patholojia hapa Kisumu. Nikitia fedha kwenye vipande vya ini ili nyuzi za retikulini, zile nyembamba zinazoshikilia seli, zionekane, slaidi inajaa chembe nyeusi na nyuzi zenyewe ni hafifu. Vipande vingine vinabanduka kabisa. Ninakosea wapi?

JIBU: Chembe hizo, anza na maji. Ya mfereji hutiwa klorini, na kloridi iliyomo ikikutana na fedha huganda chembechembe ambazo mwanga huzigeuza nyeusi. Suuza kwa maji yaliyokenekwa kabla na baada ya fedha, vyombo vioshwe kwa asidi, na koleo iwe ya plastiki.

Nyuzi kuwa hafifu, hapo nashuku amonia. Kwa njia ya Gordon na Sweets ya 1936 ya kutia fedha kwenye nyuzi hizo, chukua mililita 5 za nitrati ya fedha ya asilimia 10, udondoshe amonia kali huku ukitikisa. Itachafuka kahawia, kisha itasafika. Tia mililita 5 za hidroksidi ya sodiamu ya asilimia 3. Itachafuka tena, safari hii nyeusi. Rudi kwenye amonia: tone, tikisa, tazama. Ukungu mwembamba ukiwa bado umebaki, acha hapo hapo, ujaze maji hadi mililita 50. Wengi huendelea mpaka ing'ae kabisa, na amonia iliyozidi huizuia fedha isishike nyuzi. Hatua hii haitaki mazungumzo na mtu.

Nakusihi usiichukulie kama suala la urembo wa slaidi. Kwenye saratani ya ini nyuzi hizo mara nyingi hupungua au kutoweka. Amonia ikizidi, ini lenye afya linaweza kuonekana hivyo hivyo, na mgonjwa akapewa jibu lisilo lake. Kila mara pitisha, pamoja na kipande cha mgonjwa, kipande cha ini unalojua ni la kawaida. Nyuzi zake zikikosekana, rudia kazi yote.

Kubanduka kunatokana na ukali wa hidroksidi. Tumia slaidi zilizopakwa poli-lisini, inayoshikiza vipande kwenye kioo, ukaushe vipande vizuri kwenye oveni, na kwenye fedha visizidi sekunde chache.

Mchanganyiko huo wa fedha na amonia usiuweke hata hadi kesho. Ukikaa au kukauka huzaa chembe zinazoweza kulipuka kwa kuguswa tu. Tengeneza wa kutumia papo hapo, na mabaki uyatie maji ya chumvi kabla ya kuyapeleka kwenye taka za kemikali.