Mwalimu anastaafu mwakani na wewe una miaka 46: tupige hesabu kabla ya kununua kuku

Ndugu, umeuliza matatu kwa mpigo. Baba yako mwalimu wa serikali anatimiza miaka 60 mwakani, je, atapata kiasi gani? Wewe uko kiwandani Jinja, hapa Uganda, una miaka 46, je, utoe ile asilimia 20 ya akiba yako ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni wa wafanyakazi, mchange naye mfuge kuku wa mayai 500? Na la mwisho, wazee kukaa kazini siyo ndiko kunakowanyima vijana ajira? Tuanze na mzee, maana hesabu yake unaweza kuipiga leo hii, pesa haijatoka.

Mwalimu wa serikali hayumo NSSF. Hakatwi chochote cha pensheni kwenye mshahara. Analipwa kutoka bajeti ya serikali, kwa kanuni ambayo kila mtumishi angepaswa kuijua kwa kichwa. Chukua miezi aliyotumikia, zidisha kwa mshahara wa mwaka mzima, gawanya kwa 500. Tuseme mshahara wake wa mwisho ni shilingi 600,000 na ametumikia miaka 30, yaani miezi 360. Mshahara wa mwaka ni 7,200,000, kwa hiyo pensheni ya mwaka inakuwa 5,184,000. Theluthi moja ya hiyo inazidishwa kwa 15 na kulipwa kwa mkupuo: 25,920,000. Hicho ndicho kiinua mgongo. Theluthi mbili zilizobaki zinagawanywa kwa miezi 12: shilingi 288,000 kila mwezi. Kikomo cha pensheni ya mwaka, kabla ya kutoa ile theluthi, ni asilimia 87 ya mshahara wa mwaka, ambayo hufikiwa kwa miezi 435. Aliyetumikia zaidi ya hapo haongezewi kitu.

Watu wa nyumbani wataiona ile milioni 26 tu. Wewe itazame 288,000. Mzee anashuka chini ya nusu ya mshahara wake, na kazi halali ya kiinua mgongo ni kuziba hilo pengo kwa miaka mingi. Pensheni haitozwi kodi, Ibara ya 254 ya Katiba imesema hivyo, kwa hiyo hesabu hii haipungui njiani. Kinachoipunguza ni mkopo. Kama bado anadaiwa na benki ile ile inayopokea mshahara wake, benki itajilipa kwanza pesa ikiingia. Mwulize salio la mkopo sasa, kwa upole, na asikubali kuongezewa mkopo mwingine mwaka huu hata maafisa wa benki wakimbembeleza vipi.

Sasa karatasi, ambako ndiko wengi hukwama. Malipo siku hizi yanashughulikiwa wilayani, kwa afisa utumishi, si kupanga foleni Kampala kama zamani. Kabla ya wizi mkubwa wa pensheni hewa kufichuka mwaka 2012 mambo yalikuwa legelege. Baada yake kila herufi inakaguliwa. Jina lililo kwenye kitambulisho cha taifa lazima lifanane na la barua ya ajira na la mfumo wa mishahara. Kama cheti cha shule kinasema "Okello John" na NIRA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, wakaandika "Okelo Johnes", faili linasimama. Tarehe ya kuzaliwa ndiyo mbaya zaidi: mtu aliajiriwa kwa mwaka mmoja, akaja kujiandikisha kitambulisho kwa mwaka mwingine, basi mfumo unamwona amestaafu mapema au amekula mishahara isiyo yake. Masahihisho hayo yafanyike akiwa bado kazini, akiwa na mshahara wa kumbeba. Anayesubiri barua ya kustaafu ndipo aanze, anakaa miezi bila mshahara na bila pensheni, halafu anakopa kwa riba ya mtaani akiweka rehani pesa ambayo haijafika.

Kuhusu kuku, nitasema wazi: kwa mzee wa miaka 60 asiyewahi kufuga, kuku 500 wa mayai ni njia ya haraka ya kumaliza kiinua mgongo. Sababu ni muda. Kifaranga hataanza kutaga mpaka wiki ya 18 hadi 20, na mpaka hapo kila mmoja amekula kilo 7 hadi 8. Kwa 500 hiyo ni karibu tani nne za chakula kabla hujaona yai moja, na humo sijaweka banda, joto la wiki za mwanzo, wala chanjo za kideri, Gumboro na ndui. Wakishaanza kutaga, kila kuku anataka gramu 110 hadi 120 kwa siku, yaani kama kilo 58 kwa kundi lote, mvua inyeshe au jua liwake, trei iwe na bei au isiwe nayo. Mtu hupiga hesabu ya vifaranga na banda, akasahau chakula. Pesa inaisha wiki ya 14, anaanza kupunja chakula au kuchanganya pumba mwenyewe, na kuku waliopunjwa wakiwa wadogo hawatagi vizuri tena hata ukija kuwalisha kama wafalme. Akianza na 50, akavuka nao mwaka mzima bila kugusa pesa ya mkupuo, hapo ndipo mzungumze kuhusu 200.

Kuna njia nyingine isiyohitaji nguvu. Hati fungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, zinaanzia shilingi 100,000 na zinanunuliwa kupitia benki ya kawaida, ambayo inamfungulia akaunti ya kutunzia hati hizo Benki Kuu. Zinalipa riba mara mbili kwa mwaka. Kodi ya zuio, inayokatwa kwenye riba kabla hujalipwa, ni asilimia 20 kwa zilizo chini ya miaka 10, na asilimia 10 kwa za miaka 10 na kuendelea, kwa hiyo urefu una faida yake. Kwa mfano tu, milioni 20 kwenye hati ya miaka 10 yenye riba ya asilimia 14 zinaleta 2,800,000 kwa mwaka. Ukitoa kodi zinabaki 2,520,000, sawa na 210,000 kwa mwezi. Jumlisha na 288,000 uone anakaribia wapi. Hasara yake ni kwamba akitaka kuuza kabla ya muda atauza kwa bei ya soko la siku hiyo, kwa hiyo milioni tano au sita zibaki pembeni kwa hospitali na dharura.

Akitaka kibanja ndani ya Buganda, yaani haki ya kukalia ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine, aikague hati hiyo ya mailo (umiliki wa kudumu) kwenye ofisi ya ardhi na amwone mwenye ardhi mwenyewe kabla ya kutoa hata shilingi moja. Saini ya mwenyekiti wa kijiji (LC1) peke yake haitoshi. Na kama muuzaji ana mke anayeishi hapo, mke akubali kwa maandishi.

Wewe sasa. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 inakuruhusu, ukiwa na miaka 45 na umechangia angalau miaka 10, kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yako. Kuruhusiwa si kulazimishwa. Ukiwa na milioni 40, utapata milioni 8. Milioni 8 hizo zikiachwa mpaka ufike 55, kwa asilimia 10 kwa mwaka, zinakuwa karibu milioni 19. Mfuko ulitangaza asilimia 10 kwa mwaka wa 2022/23 na 11.5 kwa 2023/24, ingawa sheria inakuhakikishia 2.5 tu. Je, mradi wako unaweza kushinda hapo? Kama una deni la riba ya asilimia 3 kwa mwezi, ndiyo, toa ulilipe. Kwa kuku, acha. Ila jambo moja ulifanye wiki hii: angalia taarifa ya akaunti yako mwezi kwa mwezi. Mwajiri anakata asilimia 5 yako na kuongeza 10 yake, na anapaswa kuzipeleka kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Wapo wanaokata na kukaa nazo. Tunza hati za mishahara, ndizo ushahidi wako.

Kuhusu vijana, sikubaliani nawe. Sensa ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9, na karibu nusu wana umri wa chini ya miaka 18. Katika nchi ya namna hiyo wazee ni wachache mno kuziba ajira za wote (wanasiasa tuwaweke kando, hao hawalazimiki kustaafu wakifika 60). Baba yako akiondoka, nafasi yake haijazwi siku hiyo. Wilaya inasubiri kibali na fedha za mshahara. Wakati huo huo yeye nyumbani atakuwa analipia wajukuu shule, kwa sababu wazazi wao wamekosa kazi. Ukiwatoa wazee mapema unamhamisha mlezi kutoka 600,000 kwenda 288,000, na wanaoumia ni wale wale vijana. Msaada wa serikali kwa wazee, SAGE, ni shilingi 25,000 kwa mwezi na sehemu nyingi ya nchi unaanzia miaka 80. Mtu akistaafu 60 ana miaka 20 ya kujitegemea kabla ya hapo.

Ndiyo maana kikao cha familia kifanyike kabla pesa haijaingia, na kiandikwe: nani analipiwa ada mpaka lini, na nani hakopeshwi. Mzee aandikishe warithi wake pia, kwani pensheni ina dhamana ya miaka 15. Akifariki kabla ya muda huo kuisha, kilichobaki kinalipwa kwa familia, lakini familia isiyo na majina kwenye faili itazunguka ofisi hadi ichoke.

Kwa faili lenyewe apeleke barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa cheo, hati ya mshahara ya mwisho, nakala ya kitambulisho, na namba ya akaunti yenye jina lile lile. Ya kuthibitishwa kazini ndiyo hupotea mara nyingi. Kama haipo, aende tume ya utumishi ya wilaya aliyoajiriwa, aombe nakala ya kumbukumbu za kikao kilichomthibitisha, akitaja mwaka na shule aliyokuwa. Wilaya ikiwa imegawanywa tangu hapo, makabrasha ya zamani kwa kawaida yamebaki wilaya mama.