Msanii, kabla hujatafuta lebo jua kwanza wimbo ni wa nani

Nimefanya kazi na wasanii wa Bongo Flava hapa Dar kwa muda sasa, upande wa shoo na makaratasi, na kila dogo anayekuja kuniomba ushauri nampa neno lilelile: wewe ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara lazima ajue mali yake. Wimbo mmoja una mali mbili, kuna utunzi, yani maneno na melodi, halafu kuna masta, ile rekodi yenyewe iliyotoka studio. Kila moja ina wenyewe na ina hela yake, ila wengi wetu tunachojua ni hela ya shoo basi.

Kuna kijana alikuja wimbo wake unapigwa kwenye kila bajaji. Prodyuza anasema bit yangu kwa hiyo masta yangu, aliyeimba kiitikio anataka nusu, aliyelipia studio anasema mimi ndo mwenye wimbo, na hakuna mtu aliyeandika chochote popote! Ikabidi tukae chini tuandike karatasi moja tu: jina la wimbo, tarehe, majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho, nani kaandika nini, asilimia ya kila mtu kwenye utunzi, asilimia kwenye masta, saini. Kila upande ujumlishe ufike 100. Jioni nzima iliisha kwa maneno makali, wakati siku ya kurekodi watu bado wanacheka pamoja ingekuwa kazi ya dakika chache. Kwa hiyo andikeni siku hiyohiyo, hapohapo studio, hata kama ni mshkaji wako wa damu. Kisha kasajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Enzi za kaseti msanii alikuwa anamuuzia msambazaji wa Kariakoo albamu kwa mkupuo, anapewa chake, mauzo yote ya baadaye hayamhusu. Leo kuna app za kusikilizia muziki kama Boomplay, Spotify nayo ilifika kwetu 2021, lakini bado watu wanauza haki zote kwa advansi, yani hela ya kutangulizwa, ya kununulia gari, na inaniuma sana kwa sababu advansi ni deni, itakatwa kwenye mapato yako mpaka iishe.

Na usitegemee strimu peke yake, yani hela ya wimbo kusikilizwa kwenye app hizo. Spotify tangu 2024 wimbo usiofikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi hela ya masta. Mi strimu natumia kujua wasikilizaji wako wapi, ukiona wengi wako Mwanza basi panga shoo Mwanza, beba tisheti, chukua namba za mashabiki uwatumie wimbo mpya wewe mwenyewe. Miito ya simu nayo usiidharau.

Watu wananitajia Diamond, kwamba ana lebo, ana redio, ana TV. Sawa, ila usianze na kutamani TV, angalia kwamba kazi nyingi zinazomzunguka anazimiliki. We anza na akaunti ya benki ya muziki tu, usiichanganye na hela ya kodi ya nyumba.

Ukiletewa mkataba uliza unadumu miaka mingapi, masta zinarudi kwako lini, na una haki ya kukagua hesabu zao au huna. Omba uondoke nao ukasome na mwanasheria. Wakikwambia saini leo au nafasi inaenda kwa mwingine, waache wampe huyo mwingine.