Maswali Yenu: Magofu ya Gede na watoto

SWALI: Nataka kuwapeleka wanangu watatu Magofu ya Gede, mdogo ana miaka 5. Tukitoka Malindi asubuhi, tuanzie wapi na tuchunge nini?
Mama Watatu, Maweni

JIBU: Gede ni mabaki ya mji wa kale wa Waswahili katika pwani ya Kenya. Pandeni matatu ya Watamu au ya Mombasa, mshuke Gede. Kutoka barabara kuu mtatembea kidogo tu. Fikeni mapema, maana ikikaribia adhuhuri joto hutuama chini ya miti, na kuta hukata upepo.

Anzieni kaburi lenye tarehe, karibu na lango. Limeandikwa 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Kisha Msikiti Mkuu: waonyesheni birika la kutawadhia na kisima kando yake, lakini mdogo mshike mkono, visima vya Gede ni virefu. Kasri liko jirani, na hapo ndipo pa kukaa sana: vyumba, nyua, milango ya matao.

Baadaye fuateni njia ya msituni hadi ukuta wa nje. Wengi huiruka, nayo ndiyo inayoonyesha ukubwa wa mji. Viatu viwe vya kufunika vidole. Mawe ya matumbawe yana makali, na mvua ikinyesha majani juu yake huteleza. Watoto wasipande kuta, chokaa yake ni ya kale, inamomonyoka.

Ndizi na mandazi viacheni ndani ya mkoba uliofungwa. Kima wa Gede wanajua sauti ya mfuko wa karatasi kuliko nyinyi.